Mbona Huna Uso wa Mfiwa?

"Mama, mbona huna uso wa mfiwa?"

Swali lilitoka kwa mzee wa baraza, mmoja wa raia wawili waliokaa na hakimu kusikiliza mashauri, tena kwa upole, mwaka 2009, katika mahakama ya mwanzo moja mkoani Tanga nilikokuwa karani. Aliyeulizwa alikuwa mjane wa makamo. Eda yake ilikuwa imekwisha kama wiki tatu nyuma. Alisimama kizimbani na baibui jeusi, kanga kaitupia mabegani, kidevu kimeinuka kidogo. Alimtazama mzee, akatazama dirishani, akarudisha macho kwa mzee. Hakujibu. Uso wake ulikuwa kama ukuta uliopakwa chokaa jana yake.

Shauri lilikuwa la mirathi. Mumewe alifariki bila wosia, mdogo wa marehemu akaja kuomba ateuliwe msimamizi, mjane akaweka pingamizi. Msimamizi hapati mali kwa sababu ya usimamizi wake. Kazi yake ni kukusanya alichoacha marehemu, kulipa madeni, na kuwagawia warithi kinachobaki. Kwa hiyo mahakama hutafuta mtu wa kuaminika, na shemeji mtu alijenga hoja yake yote juu ya neno hilo moja. Huyu mwanamke haaminiki, alisema, na ushahidi ni uso wake. Siku ya kuzika hakutoa chozi. Siku ya tatu, matanga hayajavunjwa, alicheka.

"Alicheka mpaka akashika nguzo, mheshimiwa. Watu wote waliona."

Ukumbini wakaguna. Mama mmoja nyuma akasonya, sikujua anamsonya nani.

Meza ya karani ilikuwa chini ya jukwaa, ubavuni mwa kizimba. Hakimu wetu, kama wenzake wengi wa mahakama za mwanzo, aliandika ushahidi kwa mkono, kichwa kimeinamia jalada. Watu huingia mahakamani wakidhani hakimu anawasoma uso. Maskini, nusu ya siku anasoma mwandiko wake mwenyewe na kumwambia shahidi "pole pole, rudia hapo". Wenye nafasi ya kutazama walikuwa wazee wa baraza wawili, na mimi.

Tena mimi niliona wasichokiona wao. Kizimba kilikuwa cha mbao, kimo cha kifua, hivyo aliyekaa mbele aliona kichwa na mabega basi. Mimi wa ubavuni niliona mikono. Na mikono ya yule mama ilikuwa kazini. Pembe ya kanga yake ilikuwa na fundo, lile fundo la kuwekea pesa, na vidole vilikuwa vinalifungua, vinapapasa kilichomo, vinalifunga. Halafu vinafungua tena. Kidole gumba kinapita juu ya kitambaa mara moja, mbili, tatu, kinasita, kinaanza upya. Uso haukuonyesha dalili yoyote ya kazi hiyo ya huku chini.

Nikasema moyoni: msiba uko hapa. Uso ameukaza, huzuni imemteremkia vidoleni. Nilijiona hodari kweli.

Uhodari huo niliurithi kwa mama yangu mdogo, aliyekuwa mzee wa baraza pale pale miaka kadhaa kabla yangu. Ma'mdogo alikuwa na elimu nzima ya mwili wa binadamu, na alinisomesha jioni akichambua mchicha. Uso usiusumbukie, aliniambia, kila mtu anajua unatazamwa. Tazama koo, kwa sababu mwongo humeza mate kabla ya neno. Tazama mabega, mtu aliyevunjika huanza kuvunjikia hapo. Tazama vidole vya miguu kama amevua ndala. Aliita firasa, na akibishiwa hutaja hadithi ile ya Mtume ya kuogopa firasa ya muumini, kwani huona kwa nuru ya Mwenyezi Mungu. Mimi nilidhani ni mambo ya uani. Baadaye ndipo nilipojua kwamba firasa iliandikiwa vitabu na wanachuoni, akiwamo Fakhruddin al-Razi aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 13.

Darasa la mwanzo, hata hivyo, halihitaji Ma'mdogo. Hakuna mtoto wa pwani asiyelipitia. Unakaa barazani umechoka, shavu umeliegemeza kwenye kiganja, mara kofi: "Toa mkono! Unashika tama, unaita msiba?" Unaweka mikono kichwani kwa uvivu tu, unaulizwa mama yako amekukosea nini hata umwombee kifo. Mkubwa anakusema, unamtazama usoni: "Unanikazia macho?" Unatazama chini ndiyo unaambiwa una adabu. Hivyo mwili wako unafunzwa kabla hujajua kusoma. Kwa wasichana somo hukazwa tena na kungwi. Kwa wavulana, jando. Kule mlima Elgon, upande wa Uganda, Wagisu wana imbalu kila mwaka unaogawika kwa mbili, na kijana hutahiriwa amesimama wima mbele ya umati, macho ya watu yako kwenye kope zake. Akipepesa, akitikisika, inasemwa hadi uzeeni mwake. Wahenga wa huku kwetu nao walikwisha sema kufa kikondoo ndiko kufa kiungwana.

Sasa mtu aliyelelewa hivyo anapanda kizimbani, nasi tunamsoma uso. Tunasoma nini hasa? Tunamsoma bibi yake aliyemchapa.

Ukisikiliza vizuri utaona hata maneno yetu hayatazami, yanahukumu. Mtu hajalia: kama ni wako, "amepiga moyo konde", "amejikaza kiume", hata akiwa mwanamke. Kama si wako, ni "mkavu wa macho". Macho ni yale yale, yamekauka vile vile. Kilichobadilika ni nani anayesema na anataka nini. Vivyo hivyo mpole na mnafiki, mcheshi na asiye haya, mwenye kujiamini na mwenye kiburi. Kiswahili kina hazina kubwa ya nyuso, uso uliokunjwa ndita, uliosawijika, ulioparama, ulioshuka, uliokunjuka. Sijui kama ipo lugha inayotuzidi. Lakini nusu ya maneno hayo ni hukumu iliyovaa nguo za ushahidi.

Miaka mingi baada ya kuacha kazi ile nilianza kusoma walichopata watafiti, kwa sababu ya yule mama zaidi ya kitu kingine. Niwe mkweli, nilitafuta wa kumuunga mkono Ma'mdogo. Sikumpata. Mwaka 2006 Charles Bond na Bella DePaulo wa Marekani waliunganisha majaribio mengi ya watu kutazama wenzao na kusema nani anadanganya. Wapimaji walikuwa zaidi ya 24,000. Walipatia mara 54 katika 100. Ukirusha shilingi unapata 50. Serikali yao ilikuwa inawafunza maofisa wa viwanja vya ndege kuwabaini wabaya kwa mienendo ya mwili, na mwaka 2013 wakaguzi wao wakasema takriban dola milioni 900 zimetumika na ushahidi kwamba mbinu inafanya kazi hauonekani. Nilipomsomea Ma'mdogo habari hiyo alicheka. "Hao hawakutazama vidole vya miguu."

Kuhusu hisia zenyewe mambo ni magumu vilevile. Kwa muda mrefu kauli iliyotawala ilikuwa ya Paul Ekman, mwanasaikolojia wa Marekani, aliyekwenda na picha za nyuso kwa Wafore wa Papua New Guinea mwishoni mwa miaka ya 1960 akarudi na kauli kwamba hasira ni hasira, huzuni ni huzuni, uso mmoja dunia nzima. Watafiti wengine wakaja kupima tena, na baadhi yao walikuja huku kwetu, kwa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi. Matokeo yao yalichapishwa 2020: walipowasimulia Wahadzabe kisa na kuwapa nyuso wachague inayofaa, jibu lililotarajiwa halikuja kirahisi, walichotenganisha vizuri zaidi ni uso wa jema na uso wa baya. Mwaka mmoja kabla, Lisa Feldman Barrett na wenzake wanne walipitia tafiti zaidi ya elfu moja, na katika waliyoyasema, moja lilinikaa: watu wenye hasira hukunja uso kama mara 30 katika 100. Zile 70 nyingine wananyamaza, wanatabasamu, wanalia, wanaosha vyombo kwa kelele. Na mwenye kukunja uso naye huenda tumbo linamuuma.

Turudi kwenye kile kicheko.

Shemeji hakusema kilichomchekesha yule mama, na mahakama isingejua kama mzee wa baraza wa pili, mtu wa vichekesho kidogo, asingeuliza: "Alicheka nini?" Ikatoka. Watani walikuwa wamefika. Mmoja wao aliingia chumbani akavaa kofia na koti la marehemu, akatoka anachechemea, kwa sababu marehemu alikuwa na mguu mbovu, akazunguka uani anaulizia chai yake mbona imepoa na nani amekalia kiti chake. Mtu aliyepata kuona watani kazini anajua. Wapo wanaolala kwenye kaburi lililochimbwa na kukataa kutoka mpaka wapewe chochote. Ni haki yao, na ukinuna wewe ndiye mwenye kosa. Mjane alimwona mumewe anakuja na kikombe, na ule mguu, na ile lawama ya kila asubuhi. Akacheka akashika nguzo.

Hakuna aliyeuliza baada ya kicheko kilifuata nini.

Mwaka 1997 Dacher Keltner na George Bonanno walichapisha kazi waliyoifanya kwa wajane na wagane wa Marekani. Waliwarekodi kwa video miezi sita baada ya msiba, wakizungumza juu ya marehemu, kisha wakachambua nyuso zao msuli kwa msuli. Walitenga kicheko cha adabu na kile kinachofika machoni, ambacho wenyewe wanakiita kwa jina la Duchenne, tabibu Mfaransa aliyeeleza msuli wa kuzunguka jicho huko nyuma mwaka 1862. Waliocheka hiki cha machoni walikuwa na dhiki pungufu. Na wale ambao nyuso zao zilionyesha hasira na machungu zaidi ndio waliokuja kuonekana bado wameelemewa hata baada ya mwaka na zaidi. Nilipoisoma niliwaza watani wetu, ambao hawajawahi kurekodi video ya mtu, wanavyojua kwa uzoefu wa babu na babu siku gani ya kuleta kofia ya marehemu.

Bonanno huyo huyo alifanya jingine lililonigusa zaidi. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, alichukua wanafunzi wa chuo mjini New York, akawaonyesha picha za kusisimua, na kuwaambia: hapa onyesha hisia yako mpaka anayekutazama aione, hapa ifiche asiione. Kisha akawafuatilia. Waliokuja kuwa na unafuu kufikia mwisho wa mwaka wa pili hawakuwa mabingwa wa kuficha, wala mabingwa wa kuonyesha. Walikuwa wale walioweza yote mawili, kukunja na kukunjua. Kumbe ustahimilivu, kama unaonekana usoni hata kidogo, hauonekani katika uso mmoja. Ungelazimika kumwona mtu kwenye mazishi, na jikoni, na mbele ya mtani, na saa nane usiku. Sisi kizimbani tunamwona kwa dakika arobaini.

Sheria zetu zenyewe hazijaamua sawasawa zifanye nini na uso. Kwa mashauri ya jinai katika mahakama zilizo juu ya yetu, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 inamtaka hakimu aandike pia lile analoliona la maana kuhusu mwenendo wa shahidi alipokuwa akihojiwa, yaani alivyokaa, alivyojibu, kama alisitasita. Na Mahakama ya Rufani imesema zaidi ya mara moja kwamba kupima mwenendo huo ni kazi ya mahakama iliyomwona shahidi kwa macho. Lakini hapo hapo imeongeza njia nyingine mbili za kupima ukweli wa mtu: je, maneno yake yanashikana yenyewe kwa yenyewe, na je, yanashikana na ya mashahidi wengine? Njia hizi hazihitaji kumwona mtu kabisa. Unaweza kuzifanya ukiwa umeinamia jalada.

Hivyo ndivyo alivyofanya hakimu wetu. Baada ya lile swali la uso wa mfiwa kukosa jibu, aliinua kichwa, pengine kwa mara ya kwanza siku ile, akauliza pande zote mbili swali la kikarani: marehemu alikuwa anadaiwa na nani? Shemeji akataja duka moja, akasitasita, akasema mengine atayachunguza. Mjane akaomba mfuko wake. Ndani mlikuwa na kopo la maziwa ya unga, na ndani ya kopo risiti za saruji na mabati zimefungwa kwa uzi, na daftari la shule la kurasa 48. Humo kila deni lilikuwa na tarehe. Tena na yale ambayo marehemu alikuwa anawadai watu, mmojawapo akiwa mdogo wake aliyesimama pale. Alisoma kwa sauti ile ile, uso ule ule wa chokaa. Ukumbi ukanyamaza.

Uamuzi ulikuwa wa kurasa mbili na nusu, kwa mwandiko. Mjane akateuliwa. Niliupiga chapa mwenyewe na neno uso halimo.

Kuna jambo sijalisema, na bila hilo nitakuwa nimemsimanga yule mzee wa baraza bure. Miaka minne baadaye baba yangu alifariki. Sikulia. Nilipokea wageni, nikahesabu sahani, nikagombana na mtu wa mahema, nikasimamia sufuria za pilau. Watu walinishika mkono wakasema, "Mwenzetu una moyo." Ma'mdogo alinitazama mabega akaridhika, eti yako wima. Ukweli ni kwamba sikuwa nimejikaza. Sikuwa ninahisi kitu, kama mguu uliokufa ganzi. Ulikuja kuamka miezi tisa baadaye dukani, nilipokuwa nanunua betri. Baba alikuwa anazianika juani ili zidumu, na redio yake ilimeza mbili kila wiki. Nilikaa kwenye kreti la soda nikalia mpaka muuza duka akafunga mlango nusu.

Kwa hiyo uso niliokuwa nao mimi ndio ule aliokuwa nao mjane, na yeye alikuwa na zaidi yangu, alikuwa na kicheko. Mimi nikaitwa jasiri, yeye akaulizwa mbona hana uso wa mfiwa. Ila kwangu hapakuwa na nyumba ya kugombaniwa.

Nilikutana naye tena mwaka 2016, stendi, wote tunasubiri basi. Yeye ndiye aliyenitambua. "Wewe si yule karani?" Nikampa shikamoo, tukakaa kwenye benchi moja, akaninunulia maji. Nyumba ipo, watoto wameoa. Nikashindwa kujizuia, nikamwambia kwamba siku ile nilimwona. Kwamba wengine walitazama uso lakini mimi niliona vidole vyake na lile fundo, na nilijua alivyokuwa anaumia.

Akanitazama kwa muda. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha kifuani, mpaka akashika benchi.

"Mwanangu, ilikuwa nauli. Basi letu la mwisho lilikuwa linaondoka saa kumi, na pale ukutani saa inasema tisa na nusu, yule babu bado ananiuliza habari za uso. Nilikuwa na noti mbili za mia tano na sarafu, nikawa nahesabu kama zinafika au nishuke njiani nitembee."

"Zilifika?"

"Zilipungua mia. Kondakta alinisamehe."

Basi lake likaingia, watu wakasimama. Akavuta pembe ya kanga, akalifungua fundo, akapapasa ndani kwa kidole gumba, mara moja, mbili. Na mimi nilikuwa nimeshaanza kumtazama mikono.